Cheti cha Watasema

Mwanza, 14 Januari 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Mhola huko Dutwa? Mimi ni mzima, kile kikohozi nilichoondoka nacho kimekwisha, na kazini hawajanifukuza.

Baba, lile jambo la Krismasi limenikaa rohoni. Nilisimama mlangoni kwako nikabisha hodi mpaka vidole vikauma, na wewe ulikuwa ndani, hatua nne tu, unapepeta dengu. Kama ningekuwa mwizi? Kama paa lingekuwa linawaka? Najua mashine za pamba kule Maswa zilikula masikio yako miaka ishirini na miwili, na hilo si kosa lako. Lakini nikikuambia uhamie kwangu unanuna kama mtoto aliyenyang'anywa muwa. Haya, tupatane.

Hapa kazini nafundisha mbwa wa ulinzi, unajua. Mbwa anaweza kufundishwa kuwa masikio ya mtu. Mfundishe wa kwako. Chagua kitu anachokipenda kuliko vyote, ukikate vipande vidogo vya ukubwa wa kucha, na asikipate kokote isipokuwa mkononi mwako, akiwa kazini. Sisi tunatumia ini la kuchemsha. Mwombe mama Generoza wa dukani aje abishe hodi. Mbwa akiinuka tu kutazama mlango, mwite kwa mkono, aguse goti lako kwa pua, na papo hapo umpe. Ukichelewa hata kidogo hajui anasifiwa kwa lipi. Pua kwenye goti mara moja, maana yake mlangoni kuna mtu. Hiyo tu inatosha.

Mwezi wa nane mje Mwanza kwa basi, wewe na yeye, bila mtu wa kukushika mkono. Mkifika salama na mbwa anajua kazi yake, sitasema tena habari ya kuhama. Mkishindwa, unahamia kwangu. Nijibu kwa barua, maana kukupigia simu ni kazi bure.

Mwanao,
Ng'washi


Dutwa, 4 Februari 2024

Mwanangu Ng'washi,

Marahaba. Sisi mhola, mvua imetuonea huruma na pamba imeota. Simu uliyoninunulia ipo, naitumia kukandamizia karatasi zisipeperuke. Herufi zake ni ndogo kama chawa na sauti yake siisikii, sasa ni ya nini?

Mapatano yako nimeyakubali. Mimi siji kukaa juu ya jiwe la Mwanza kusubiri kuletewa chai na msichana wa kazi. Nyumba hii nimeijenga, mama yako nimemzika nyuma yake, na hapa ndipo nitakapokutwa.

Lakini acha kumwita "mbwa wa kwako". Ana jina. Umesahau desturi ya nyumba hii? Mbwa wa mlango huu ni Watasema. Akifa Watasema, anayekuja ni Watasema. Wa kwanza nilimpa jina hilo mwaka niliotoka kiwandani na sanduku moja na masikio mabovu, na watu walisema kweli. Huyu ni wa nne, mwekundu kama waliomtangulia, ana mwaka na nusu na akili za kutosha.

Habari ya ini sasa. Mwanangu, mimi mwenyewe ini naliona Pasaka. Nimempa matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha nilivyokata na kuanika mwaka jana. Loo! Ungemwona. Anatafuna huku amefumba macho kama mzee anayeonja pombe ya arusi. Sasa natembea na matobolwa mfuko wa shati, upande wa moyo, na mahali niendapo Watasema yupo. Mama Generoza amebisha hodi mara kumi na nne jana mpaka wapita njia wakauliza kama ananidai.

Baba yako,
Bujiku


Mwanza, 25 Februari 2024

Baba yangu,

Shikamoo, na pole na jua. Barua yako nimeisoma kwa sauti kazini, watu wamecheka hadi machozi.

Matobolwa ni sawa, mradi anayapenda. Ila ni magumu, yanavutika, kwa hiyo yakate madogo kweli. Na kuna somo jingine usiliache. Kila siku mfungue kinywa, tia vidole ndani, gusa meno, gusa ulimi, kisha mpe chake. Mbwa mwenye adabu humwachia bwana wake mkono mpaka kooni. Siku akimeza mfupa vibaya utamwokoa, na wewe hutaumia. Mimi huwafanyia mbwa wangu wote hivyo asubuhi.

Kuhusu safari: anza kumzoesha basi likiwa limesimama stendi. Siku ya kwanza aguse ngazi tu, mpe. Siku ya pili apande ashuke, mpe. Asile chakula kizito asubuhi ya safari. Nimezungumza na kondakta wa basi linalopita hapo kwenu kuja Mwanza kupitia Lamadi, atawakubali viti vya nyuma, lakini ameniambia wazi, bila cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa hapandi. Najua bwana mifugo hupita na gari la matangazo kila mwaka, na chanjo ni bure. Usikose siku hiyo, Baba. Mambo mengine yote tunaweza kupuuza, hilo hapana.

Mwanao,
Ng'washi


Dutwa, 19 Mei 2024

Mwanangu,

Habari za huko? Huku njaa hakuna, na pamba imefunguka inatuchekea. Nimechelewa kuandika kwa sababu ya mavuno, si kwa ubaya.

Njoo uone mwanafunzi wangu! Akija mtu, pua gotini. Kuku wa jirani wakiingia kwenye dengu, pua gotini, hilo sikumfundisha, kajiongeza mwenyewe. Juzi padri kapita kutazama wagonjwa, Watasema akaniambia kabla hajafika uani, nikawahi kuvaa shati. Padri akashangaa, akasema Mzee Bujiku umepona masikio? Nikamwambia nimenunua mapya, yana miguu minne. Basi anapanda kama abiria mwenye tiketi. Kinywa natia mkono mpaka kifundo na hathubutu kufunga meno. Watu wanasema nimeoa mbwa. Waache waseme, jina lake si ndilo hilo.

Cheti kipo. Nimekitundika ukutani karibu na picha ya mama yako. Jina Watasema, dume, mwekundu, mhuri wa bwana mifugo chini. Kondakta wako hatakuwa na neno.

Jambo dogo tu, wiki iliyopita alikuja mbwa mgeni hapa mchana kweupe. Anayumba, mate yanamtoka, hajali kupigiwa kelele. Watasema akamkabili pale kwenye ua wa minyaa, wakararuana, yule mgeni akaenda zake kuelekea mtoni. Watasema kapata jeraha kwenye pua. Nimempaka chumvi, amelia kidogo, nikampa tobolwa akanyamaza.

Baba yako,
Bujiku


Mwanza, 2 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Hali yangu ni nzuri.

Nimesoma habari ya mbwa mgeni nikasimama wima na barua mkononi. Baba, huyo alikuwa na kichaa, sina shaka hata kidogo. Mwambie mwenyekiti watu wafunge mbwa wao. Kama Watasema asingekuwa na chanjo, leo ningekuambia umkabidhi kwa bwana mifugo amuue, na wewe uende hospitali Bariadi kuchomwa sindano, kwa kuwa ulimshika akiwa na mate ya mwenzake puani. Ila kwa vile cheti kipo, roho yangu imetulia. Angalia tarehe ya kwenye cheti, kama ni ya mwaka huu hakuna tatizo. Muoshe kwa sabuni na maji mengi, chumvi acha.

Niandikie haraka unihakikishie. Nikishapata jibu lako nakata tiketi, tarehe 31 Agosti, Jumamosi. Nimeshawaambia watu wote hapa kwamba baba yangu anakuja na masikio yake.

Mwanao,
Ng'washi


Dutwa, 7 Julai 2024

Mwanangu Ng'washi,

Salamu. Mimi sijambo.

Cheti ni cha mwaka huu. Watasema ni mzima, anakusalimu. Tiketi kata.

Mwandiko umeharibika kwa sababu mkono wa kulia nimejichuna na jembe. Kidonda chenyewe si kitu, kinakauka.

Baba yako,
Bujiku


Dutwa, 18 Agosti 2024

Ng'washi mwanangu,

Leo sikuulizi hali kwanza, utanisamehe. Nina jambo, na nikianza na salamu nitazifanya ndefu ili nisifike.

Watasema amekufa. Amekufa tangu mwezi wa sita, tarehe ishirini na tisa. Nilikudanganya.

Na cheti si chake. Ni cha yule wa tatu, aliyegongwa na lori mwaka juzi. Jina lilelile, rangi ileile, basi nikaona kinafaa. Gari la matangazo lilipita hapa mwezi wa tatu. Kijiji kizima kilisikia, mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nafunga ng'ombe na sikusikia. Watasema naye sikuwa nimemfundisha gari, nilimfundisha hodi. Kesho yake mama Generoza akaniuliza mbona sikuwaona kwenye chanjo. Nikatembea hadi ofisi ya kijiji, wamekwishaondoka kwenda vijiji vya mbele. Nilitaka kukuandikia. Kisha nikafikiri, Ng'washi akijua kwamba gari lenye spika mbili lilipita mlangoni nami sikusikia, ananihamisha wiki hiyohiyo. Kwa ajili ya hilo nikanyamaza. Tarehe ya cheti uliponiuliza, nilikitazama ukutani, 2021, nikakaa mwezi mzima na barua yako, halafu nikakuandikia uongo.

Nikueleze alivyokufa, wewe umesomea mambo haya. Hakuwa mkali. Mimi mbwa wa kichaa nawajua, wanakimbia, wanauma hata mti. Huyu alikaa tu. Taya lilianguka, kinywa wazi, sauti imekauka, mate yanachuruzika. Alikuja akaweka pua gotini, nikatazama mlangoni, hakuna mtu. Akaweka tena. Nikasema kumbe ananiambia tobolwa limemkwama kooni. Nikafanya ulivyonifundisha. Nilitia mkono mpaka kifundo, nikatafuta, sikuona kitu. Jino lake likanichana kidogo kwenye kidole gumba, hakuuma, ni mimi niliyesukuma. Kwa siku mbili nilifanya hivyo mara nyingi. Siku ya tatu akafa kichwa kikiwa kwenye mguu wangu. Nimemzika karibu na wenzake.

Ukweli ni kwamba nilijua na sikutaka kujua. Hospitali wangeuliza mbwa ana chanjo, ningejibu nini, na wewe ungeambiwa. Nikaona kidonda kimekauka nikamshukuru Mungu. Mficha maradhi kifo humuumbua, nimewaambia wengine maneno hayo mara ngapi?

Sasa tangu Alhamisi mkono huu unawasha, kama siafu wanapanda kutoka kidole gumba hadi kwenye kiwiko. Nimeandika barua hii kwa vipande vipande. Na leo asubuhi nimeshika kikombe cha maji, kiu ninayo, lakini koo likafunga kabla maji hayajagusa mdomo, mwili mzima ukaruka. Nimejaribu mara tatu. Nikifikiria maji tu, koo linafunga. Hata upepo wa mlangoni unanisumbua.

Wewe uliyesomea mbwa, niambie hii ni nini. Nadhani najua, lakini niambie wewe.

Usije kunikasirikia sana. Nilitaka kufa nyumbani kwangu tu, basi. Barua nampa mama Generoza aitie kwenye basi la leo.

Baba yako,
Bujiku


Mwanza, 19 Agosti 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo! Hapa ni furaha tupu. Tiketi mbili ziko ndani ya bahasha hii, zishike vizuri. Ndiyo, nimekata mbili, Watasema ana kiti chake, watasema watakavyo.

Wiki mbili hivi zimebaki. Nisikilize. Jumamosi hiyo asubuhi usimpe chakula, mpe matobolwa tu kila basi linaposimama. Kaeni dirishani apate upepo. Beba chupa mbili kubwa za maji, moja yake, moja yako, maana najua tabia yako ya kusafiri bila kunywa hata tone. Kunyweni njiani, nawaomba. Lamadi mshuke mnyooshe miguu. Mimi nitakuwa stendi tangu saa nne.

Kidonda cha jembe kimepona? Hukuniambia tena. Na barua yako ilikuwa fupi mno, nilidhani umenikasirikia kwa yale maneno ya tarehe ya cheti. Kama nilikuudhi nisamehe. Ndiyo kazi yangu ilivyo, inanifanya niwe mkali kwa mambo ya karatasi.

Baba, mapatano yetu umeshinda. Nilidhani utashindwa, sasa nakiri. Ukifika tu nitakuambia mbele ya watu wote kwamba nyumba yako ni yako na hakuna wa kukuhamisha.

Mwanao akupendaye,
Ng'washi


Dutwa, 15 Septemba 2024

Baba,

Mama Generoza ananitazama nikiandika na ananionea huruma. Ameniambia marehemu hasomi. Najua, lakini sisi wawili tumezoea kuambiana mambo kwa barua, siwezi kuanza njia nyingine leo.

Barua yako ilikaa ofisi ya mizigo ya basi mpaka Jumanne. Niliisoma nimesimama kaunta, nikamaliza, nikasoma tena pale ulipoandika habari ya maji. Mhudumu alidhani nimeibiwa. Yangu yenye tiketi nimeikuta dukani, haijafunguliwa. Nimeichoma leo jikoni kwako.

Nilifika hospitali Bariadi Jumatano mchana. Walikuwa wamekuleta mama Generoza na mwenyekiti siku moja kabla. Daktari alinieleza taratibu, kwamba mwezi wa sita sindano zingekuokoa, hata mwezi wa saba, ila dalili zikishaanza hakuna mtu anayerudi. Nilimwambia najua. Nimewafundisha watu hayo kwa miaka sita, nikiwa na picha kubwa ukutani.

Nimekukasirikia, Baba. Ulisema nisikukasirikie sana, nimeshindwa. Siku mbili kabla ya mazishi na siku kumi baada yake nilikuwa nakusema peke yangu kama mwendawazimu: kwa nini cheti, kwa nini jembe, kwa nini hukuandika mstari mmoja tu. Kisha nikaitafuta barua yangu ya Februari kwenye sanduku lako, nikaisoma. "Tia vidole ndani, gusa ulimi." Mwandiko wangu mwenyewe. Na mimi ndiye niliyekuwekea mtihani ambao kuniambia ukweli kulikuwa ni kufeli. Hasira ikageuka ikanirudia mimi, na hapo ndipo ilipo mpaka leo.

Bwana mifugo alikuja wiki iliyopita. Nilizunguka naye nyumba kwa nyumba, mimi mbele na mfuko wa matobolwa yako, mbwa wanakuja wenyewe, yeye anachoma. Mia moja na kumi na wawili. Mbwa aliyefunguliwa au mkali, nilimwita mimi. Kila mmoja nimesimamia aandikiwe cheti chake, pamoja na mwaka, na doa lake, na sikio lililopasuka kama lipo. Cheti cha Watasema wa tatu nimekitoa ukutani. Picha ya mama imebaki.

Nyumba nimeifunga. Funguo ziko kwa mama Generoza. Wewe hukuhama, uko nyuma ya nyumba, kama ulivyosema utakutwa.

Nikuambie la mwisho, maana hukuwa katika hali ya kulishika. Nilipoingia wodini walikuwa wamefunga madirisha kwa mashuka upepo usikuguse. Ulikuwa umegeukia ukuta. Niliita, nikasahau kwamba husikii. Wauguzi walinikataza kukugusa usoni au mikononi. Basi nilivaa glavu walizonipa, nikainama, nikabonyeza goti lako mara moja, kwa ncha ya vidole, kama pua.

Ukageuka ukatazama mlangoni kuona nani amekuja. Mlangoni hapakuwa na mtu. Kisha mkono wako ukapanda taratibu hadi mfuko wa shati, upande wa moyo, ukawa unatafuta kitu cha kunipa.

Mwanao,
Ng'washi